Sura ya Saba: Mkojo wa Salamu

Jioni inapoingia, upande wa kisiwani wa Feri, Mombasa, hufurika watu. Wanaovuka mlango wa Kilindini kwenda Likoni na kurudi hukadiriwa kuzidi 300,000 kwa siku, mbali na magari, na wengi wao huvuka saa hizi za kutoka kazini. Makanga wanaita abiria, feri inapiga honi, wachuuzi wamepanga mihogo na miwa kando ya njia. Lakini kata kona uingie barabara za Kizingo, tembea dakika chache, na kelele zote hizo zinabaki nyuma. Huku ni kuta ndefu, malango ya chuma, mibuyu mikongwe, na nyuma ya malango mengi kuna mbwa.

Mbwa hawa wamewekwa kwa ulinzi, na mwenye nyumba hutarajia mnyama shupavu. Anachokipata mara nyingi ni hiki: gari linafika, bawabu anafungua lango, baba anashuka. Mbwa wa miezi mitano anamkimbilia, kisha akibakiza hatua mbili tatu mwili wote unabadilika. Masikio yanalala nyuma, mkia unashuka, mgongo unapinda, macho yanakwepa. Baba ananyosha mkono ampapase kichwani, na mkojo unatanda juu ya vigae vya kibaraza. Baba anafoka. Mbwa anajilaza chali, miguu juu, na mkojo unatoka tena, mara hii hadi kwenye viatu.

Nyumba nyingi hudhani kwamba mnyama huyu hajafundishwa choo. Sivyo. Anaweza kuwa amejifunza vizuri kabisa kukojoa uani, asichafue sakafu usiku kucha, na bado akamwaga mkojo kila baba anaporudi. Hakuamua. Misuli inayofunga kibofu imelegea yenyewe, na pengine hata hajui kama kuna kilichotoka.

Chanzo chake kiko kwenye siku za kwanza za uhai. Mtoto wa mbwa akizaliwa hawezi kukojoa bila msaada. Kwa takriban wiki tatu humtegemea mama, ambaye humgeuza chali na kumlamba tumboni na chini ya mkia mpaka mkojo utoke, kisha huulamba wote ili malazi yabaki makavu. Rudolf Schenkel, mtaalamu wa wanyama wa Uswisi, aliwachunguza mbwamwitu wa Ulaya waliofugwa Basel na kuchapisha aliyoyaona mwaka 1947. Mwaka 1967 alilirudia swali la namna mbwamwitu na mbwa wanavyonyenyekeana. Alieleza kwamba mnyama anayejilaza mbele ya mkubwa wake, tumbo wazi, anarudia mkao wa uchangani, ule wa kulambwa na mama. Mkojo unakuja na mkao huo. Kwa mwili wake anasema: mimi mdogo, sina ubaya, nihurumie.

Mtoto aliyelelewa Mji wa Kale akimkuta babu yake barazani huinama, huupokea mkono na kuubusu. Hakuna babu anayemchapa mjukuu kwa kuinama. Mbwa anayejikojolea mbele ya bwana wake naye ameinama, kwa njia aliyoumbwa nayo. Akipigwa kwa hilo atafanya jambo moja analolijua la kumtuliza mkubwa aliyekasirika: atainama zaidi, na atakojoa zaidi. Hapo ndipo nyumba inapoingia kwenye mzunguko usiokwisha. Baba anaona adhabu haijatosha, anaongeza. Mbwa anaona unyenyekevu haujatosha, naye anaongeza.

Ile desturi ya kumshika mbwa shingoni na kumsugua pua kwenye mkojo wake nimeiona ikitetewa na watu wazima wenye akili zao, na sina neno laini la kuisemea. Ni ukatili, na haifundishi chochote. Mbwa hajifunzi kwamba mkojo ni mbaya. Anajifunza kwamba mkono ukishuka kutoka juu una maumivu. Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inataja kumpiga mnyama kikatili, kumpiga mateke na kumtia hofu kuwa ni makosa. Na hata asiyejali sheria aijali mikono ya watoto wake, maana mbwa aliyenyenyekea mara nyingi na kila mara akaumizwa anaweza siku moja kubanwa kwenye kona akauma. Wale wanaompiga mtoto wa mbwa ili awe mkali wa kulinda nyumba wanatengeneza mwoga mwenye meno.

Sasa tumtazame bawabu. Katika nyumba hizohizo, mara nyingi mbwa anayemkojolea baba hamkojolei kamwe bawabu, na wenye nyumba hulichukulia hilo kuwa ni dharau: mbwa kamzoea mtu wa langoni kuliko mwenye mali. Angalia bawabu anaishije na mnyama yule. Amekaa juu ya kigoda, kwa hiyo uso wake uko chini. Macho yake yako barabarani, si kwa mbwa. Sauti yake ni ya chini, ya mtu anayezungumza na redio yake au na mwenzake wa lango la pili. Mbwa ndiye anayemwendea, akipenda, kwa upande, anamnusa goti, na mkono ukimgusa unamgusa kidevuni au kifuani kwa sababu ndiko ulipo karibu. Jioni kuna kipande cha ugali na kichwa cha samaki. Bila kusoma kitabu chochote, mzee huyu anafanya karibu kila jambo ambalo daktari wa tabia za wanyama angemwagiza baba alifanye.

Baba anafanya kinyume, na hana nia mbaya. Anakuja moja kwa moja, uso kwa uso, amesimama wima na viatu vinalia kwenye vigae. Anamkazia mbwa macho. Anainama juu yake, mwili wake wote ukimfunika, na mkono unashuka kichwani. Sauti yake ni nzito, tena ya furaha, lakini kwa mnyama mdogo uzito ndio unaosikika kwanza. Kila kitu hapo, kwa lugha ya mbwa, ni tisho. Ndiyo maana mkojo humtoka zaidi mbele ya wanaume warefu wenye sauti kubwa, na zaidi mbele ya wageni.

Basi anayebadilika ni mtu. Baba akirudi, asimsemeshe mbwa. Aingie kama anayepita, macho mbele, mkoba begani, aende zake mpaka uani kwenye mchanga, na mbwa atamfuata. Huko achuchumae, ubavu ukiwa upande wa mbwa, asimtazame. Awe na dagaa wawili watatu mfukoni au vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa, awarushe chini kando yake, hatua moja mbali. Mbwa anayeokota chakula chini hawezi wakati uleule kujilaza chali. Kichwa kina kazi, pua ina kazi, na ile hofu ndogo inapata kitu kingine cha kushikamana nacho. Mbwa akisogea mwenyewe, mkono umwendee kwa chini, kidevuni au kifuani, kwa muda mfupi, kisha uondoke. Siku za mwanzo hata kugusa kuachwe. Na mkojo ukitoka, kimya. Hakuna kufoka, na hakuna kumbembeleza pia, kwa sababu kumzingira mnyama kwa maneno ya huruma huku umemwinamia ni kumtisha kwa sauti tamu. Simama taratibu, ondoka, mtu mwingine adeki baadaye mbwa akiwa hayupo.

Akishatulia, mfundishe jambo la kufanya wakati wa kusalimiana: kukaa kitako kwa neno moja, au kugusa kiganja kilichofunguliwa kwa pua yake. Anayejua anachotakiwa kufanya ana wasiwasi mdogo kuliko anayebahatisha. Lakini fundisho hili lifanyike kwanza saa za utulivu, asubuhi, si pale langoni honi ikilia. Kumwambia mbwa aliyeshikwa na hofu akae ni kumwongezea amri juu ya hofu.

Pwani hapa jambo hili lina uzito ambao vitabu vya Marekani na Uingereza haviugusi. Waislamu wengi wa pwani yetu hufuata madhehebu ya Imamu Shafii, na katika madhehebu hayo mate, mkojo na unyevu wote wa mbwa ni najisi nzito. Kilichoguswa nao huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Madhehebu ya Imamu Malik humhesabu mbwa aliye hai kuwa twahara, lakini fundi, jirani au shangazi anayefika Kizingo kutoka Mji wa Kale hatakuja na kanzu ya madhehebu mengine. Amekuja kusalimu, magharibi inakaribia, na tone moja kwenye pindo la kanzu au buibui limemtia katika shughuli asiyoitarajia. Mwenye nyumba anaona haya, na haya yake yanageuka kuwa teke kwa mbwa.

Adabu kwa mgeni na huruma kwa mbwa havigombani. Imani ileile inayofundisha kuosha mara saba ndiyo inayosimulia, katika Bukhari na Muslim, habari za mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akapanda nacho mdomoni kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na akasamehewa dhambi zake. Kinachotakiwa ni mpangilio. Mbwa mwenye tabia hii asiwe kibarazani saa ya wageni. Awe uani, penye mchanga, na baina yake na njia ya kuingilia pawe na kizuizi, hata kama ni wavu wa kuku. Anayepita karibu naye akiwa mkavu na mnyama akiwa mkavu hakuna najisi inayohama; linaloogopewa ni unyevu, na unyevu huja pale mbwa anaporuhusiwa kufika miguuni.

Mgeni naye aambiwe mapema, kabla hajavuka kizingiti, na aambiwe kwa heshima. “Shemeji, karibu. Huyu mtoto wa mbwa ukimsemesha atajikojolea. Naomba umpite tu, ujifanye humwoni.” Mgeni wa Mombasa atajibu, “Hewala,” na mambo yataisha hapo, maana wengi wao hawakuwa na hamu ya kumgusa tangu mwanzo. Wagumu ni wale wageni wanaopenda mbwa, wanaopiga magoti na kufungua mikono huku wakiita kwa sauti nyembamba. Hao waombwe mara mbili. Wapewe dagaa washike.

Watoto wa nyumbani wanahitaji subira ya pekee. Huwezi kumwambia mtoto wa miaka sita, aliyeshinda shule siku nzima, asimkimbilie mbwa wake. Mpe kazi. Yeye ndiye mrusha dagaa. Akae juu ya ngazi, ahesabu mpaka kumi, arushe mmoja, ahesabu tena. Watoto huwa waalimu wazuri wa mbwa wanapokuwa na jukumu la kulinda, na nimeona nyumba ambamo mtoto ndiye aliyemkemea baba yake kwa kuinama.

Hayo yote ni ya mkojo wa unyenyekevu. Kuna ndugu yake, mkojo wa furaha, ambao huchanganywa nao kila siku. Tofauti iko mwilini. Mbwa wa furaha hajikunji. Anaruka, anazunguka, mkia uko juu unapiga huku na huku, anabweka, na mkojo unadondoka njiani akiwa amesimama au anakimbia. Huyu haogopi chochote. Amejaa kupita kiasi, na misuli ya kibofu cha mnyama mdogo haijakomaa kuhimili msisimko huo. Kwa wengi tabia hii hupungua kadiri wanavyokua na huisha yenyewe kabla au karibu na kutimiza mwaka mmoja.

Tiba yake ni fupi kuieleza. Atolewe akojoe kabla saa ya watu kurudi haijafika. Wanaorudi wasimjali mpaka miguu yake minne iwe chini na pumzi imeshuka, hata ikichukua robo saa, kisha wamsalimu kwa sauti ya kawaida, nje, kwenye udongo. Kuondoka asubuhi nako kuwe bila maagano marefu, kwa sababu kwaheri ya machozi huandaa karibu ya vurugu. Wapo mbwa wenye vyote viwili, furaha kwa mama na unyenyekevu kwa baba, na kila mmoja atasalimiwa kwa jinsi yake.

Kosa moja ambalo Mombasa linaweza kuua: kumnyima mbwa maji ili asiwe na mkojo wa kumwaga. Katika miezi ya kaskazi, Disemba mpaka Machi, ua wenye sakafu ya saruji huwaka. Mbwa hatoi jasho mwilini kwa namna ya binadamu; hujipoza kwa kuhema, na kuhema kunakula maji. Sufuria ya maji ikae kivulini mchana kutwa. Anachohitaji ni kutolewa mara nyingi zaidi.

Kuna jambo la kufanya mapema, kabla ya tatizo. Watafiti wa Marekani, Scott na Fuller, katika kitabu chao cha mwaka 1965 kuhusu kurithi na tabia za mbwa, walionyesha kwamba kuna kipindi kifupi, kati ya wiki ya tatu na ya kumi na mbili hivi, ambapo mtoto wa mbwa huwapokea wanadamu na mambo mapya kwa wepesi. Kikipita, kila kipya kinakuwa na shaka. Mbwa wengi wa Kizingo wanakimaliza kipindi hicho nyuma ya ukuta, wakiwa wamewaona watu watano tu maishani. Halafu mbwa wa namna hiyo, akiwa na miezi mitano, anafungwa mnyororo na kupelekwa Feri “akazoee watu.” Anakutana kwa mara moja na umati, matatu, mikokoteni, vyuma vya feri vinavyoburuzwa kwenye saruji. Anajilaza barabarani na kukojoa, na waliosimama wanacheka. Hakuzoea watu siku ile. Amethibitisha kwamba watu ni wa kuogopwa.

Aanze akiwa mdogo, na aanze mbali. Chanjo zake huwa hazijakamilika katika wiki hizo, na ugonjwa wa parvo ni wa kweli, kwa hiyo asiwekwe chini penye mbwa wengine, abebwe mikononi. Alfajiri katika barabara za ndani za Kizingo kuna mwanamke mwenye ndoo, mwanafunzi mwenye begi, mzee anayetoka msikitini, na kila mmoja anaweza kupita bila kumgusa huku yeye akipewa kipande cha maini. Baadaye asogezwe karibu na barabara ya Mama Ngina, ambako umati unaonekana na kusikika kwa mbali. Mteremko wa Feri wenyewe unaweza kusubiri miezi, na mbwa asiyewahi kufika huko hajapungukiwa na kitu. Chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo kwa kawaida hutolewa akifikisha miezi mitatu, isisubiri.

Anayedhani kwamba upole huzaa mbwa legevu atazame upande wa bandari. Ndani ya Kilindini, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, limekuwa likitumia mbwa kunusa pembe za ndovu zilizofichwa kwenye makontena. Shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wake wa mbwa wa uhifadhi mwaka 2014, likiwa na kituo cha mafunzo Usa River, karibu na Arusha. Mbwa wa kazi hiyo hufunzwa kwa malipo: akipata harufu inayotafutwa, hupewa mpira wake acheze. Mnyama anayeogopa mkono wa mwenzake hawezi kupita katikati ya kreni na malori akatumia pua yake kwa utulivu. Ujasiri wake umejengwa kwa mambo madogo yaliyomwendea vizuri, mojamoja.

Nyumbani, mkojo uoshwe kwa maji mengi kwanza, kisha siki iliyochanganywa na maji. Dawa za kusafishia zenye amonia zinanuka kama mkojo na humwalika mbwa arudie hapohapo. Jiki isimwagwe juu ya mkojo mbichi. Mkojo una amonia, na vikikutana hutoa hewa inayochoma macho na kifua, hasa katika choo au korido isiyo na dirisha.

Daktari wa mifugo aonwe mapema kuliko watu wanavyofanya. Mkojo wenye damu, mbwa anayechuchumaa mara kwa mara bila kutoa kitu, anayekunywa maji kuliko desturi yake, au anayelowanisha alipolala usingizini, huyo hasalimu mtu. Anaumwa. Jike aliyefungwa kizazi huweza kuvuja akiwa amelala kwa sababu misuli imelegea, na hilo lina dawa. Jike mdogo anayedondosha matone tangu kuzaliwa, mchana na usiku, huenda ana mrija wa figo uliounganishwa mahali pasipo pake. Zipo pia dawa za kukaza misuli ya kibofu ambazo daktari anaweza kuziandika kwa muda kwa mbwa mnyenyekevu aliyekwama, lakini haziondoi hofu, na hazinunuliwi kwa kuelekezwa na jirani.

Tegemea kurudi nyuma. Mbwa aliyekaa wiki nyingi akiwa mkavu anaweza kuanza tena siku nyumba inapojaa. Kwa hiyo siku ya Idd atolewe mapema, akojoe, apelekwe uani upande wa kivuli na mfupa wake, na bawabu akae naye karibu. Wageni wakishapungua, alasiri, aletewe wawili watatu wanaoweza kuchuchumaa na kunyamaza, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na dagaa wake.